Sikio kabla ya herufi: Nani aliwafunza watoto wa chekechea kusikiliza?

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hukutana na jina Ruiru kwenye vibao, na hulisoma kama lilivyoandikwa: ru-i-ru. Mwenyeji anayezungumza Gĩkũyũ hasemi hivyo. Yeye husema Rũirũ, na kile kialama kidogo kilicho juu ya u si pambo. Kinaonyesha irabu iliyo karibu na o ya Kiswahili kuliko u. Neno lenyewe ni sifa: -irũ ni 'eusi', na rũ- ni kiambishi cha ngeli ya rũũĩ, yaani mto. Rũũĩ rũirũ ni mto mweusi. Sauti hiyo hupotea mara tu jina linapopakwa rangi kwenye bati, na mtoto anayejifunza kusoma mjini humu hukutana na tatizo hilo kila siku: anachokiona hakilingani na anachokisikia.

Nimeishi katika mji huu kwa miaka mingi, na kama mwalimu wa lugha nimekuwa nikijiuliza swali moja ambalo wanahistoria wa elimu nchini hawalipi nafasi kubwa. Tumeandika mengi kuhusu ni lugha gani mtoto wa chekechea afundishwe. Je, ni nani, na lini, aliyemfundisha kuisikiliza lugha hiyo?

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina kitenzi 'sikia', na kazi yake ni nyingi. Husikia kengele, husikia njaa, husikia harufu ya chapati kwa jirani. Mtoto mtukutu naye husemwa kuwa 'hasikii', na mzee akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hazungumzii masikio bali utiifu. 'Sikiliza' ni jambo jingine. Ni kutega sikio kwa makusudi. Gĩkũyũ nacho kinatenga mambo haya mawili: kũigua ni kusikia, kuhisi na hata kutii, gũthikĩrĩria ni kusikiliza. Ukiichunguza historia ya madarasa yetu ya watoto wadogo, utaona kwamba kwa muda mrefu tulidai wasikie, kwa maana ya kutii na kunyamaza. Kusikiliza tuliliacha lijifundishe lenyewe.

Kabla ya darasa

Haikuwa hivyo kabla ya shule kuja. Mtoto alifunzwa sauti kwa mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika kaunti hii hii ya Kiambu, ameeleza katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, jinsi watoto wa enzi zake walivyojifunza uzito wa maneno jioni penye moto: kwa hadithi, vitendawili, maneno yasiyo na maana ila yana mdundo, na michezo ya kupindua silabi. Wakikuyu wanakijua kile kitanzandimi cha mtoto wa Nikora aliyemwona kiluwiluwi akatoroka, naye kiluwiluwi alipomwona mtoto akatoroka pia. Kukitamka bila kujikwaa, lazima sikio litenganishe maneno yanayokaribiana mno kwa sauti. Mtoto alicheka, akakosea, akarudia, na hakuna aliyeita hilo somo.

Pwani kulikuwa na mchezo wa Kinyume, ambao Edward Steere, mmishonari na mtaalamu wa Kiswahili aliyeishi Unguja katika karne ya 19, aliuweka kwenye maandishi yake. Silabi ya mwisho huchukuliwa ikawekwa mwanzo: nyumba ikawa mbanyu. Yeyote anayeweza kufanya hivyo papo hapo, katikati ya mazungumzo, ana sikio linalolikata neno vipande na kuvipanga upya bila kuona herufi hata moja. Na msidhani mchezo huo umekufa. Kijana wa Githurai anayesema 'nipe risto' amelichukua neno 'stori', akalikata na kuligeuza. Shuleni anaweza kuwa anaambiwa hajui lugha, ilhali kitu anachokifanya mtaani ndicho wataalamu wa usomaji wanakitafuta kwa tochi.

Chekechea ya mashamba ya kahawa

Shule za vidudu ziliingia sehemu hizi kwa mlango tofauti. Katika miaka ya 1940 wakoloni walianzisha shule za chekechea kwa ajili ya watoto wa Wazungu na Wahindi. Kwa Waafrika, vituo vya mwanzo vilihusu zaidi kuwalinda watoto kuliko kuwasomesha. Ruiru ilikuwa nchi ya kahawa. Majina ya mitaa kama Kahawa Sukari na Kahawa Wendani yangali yanatukumbusha, na kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka wa 1985 kiko papa hapa. Mama alipoingia shambani kuchuma, mtoto alihitaji pa kukaa. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka wa 1952, na hasa watu walipokusanywa katika vijiji vya dharura kuanzia 1954, wanawake wa Mkoa wa Kati walilazimishwa kufanya kazi za sulubu, na vituo vya kuwaangalia watoto vikaongezeka. Kazi yake ilikuwa uji, usalama na utulivu. Mtoto mzuri alikuwa yule asiyesumbua. Sifa hiyo ya 'kutulia' ilirithiwa na shule nyingi za vidudu zilizokuja baadaye.

Jambo la ajabu ni kwamba miaka kabla ya hapo, sauti za Gĩkũyũ zilikuwa zimesikilizwa kwa makini makubwa, ila si huku. Zilisikilizwa London. Katikati ya miaka ya 1930, Jomo Kenyatta, mwana wa Gatundu, alifanya kazi katika idara ya fonetiki ya University College, ambako mtaalamu Lilias Armstrong alichunguza matamshi na toni za lugha hiyo. Armstrong alifariki mwaka wa 1937, na kitabu chake kuhusu fonetiki na toni za Gĩkũyũ kikatoka 1940. Irabu saba zilitofautishwa moja moja. Ilibainishwa kwamba b ya Gĩkũyũ haifungi midomo kabisa kama b ya Kiswahili, na kwamba g yake hupita kooni bila kuzuiwa. Maarifa hayo yalikuwepo, yamechapishwa. Mwalimu wa vidudu katika shamba la kahawa hakuyapata.

Uhuru ulipokuja, wananchi walijenga shule za chekechea kwa Harambee, kanisani, chini ya miti, penye nafasi. Serikali nayo ilishughulikia swali la lugha. Tume ya Ominde, 1964, ilipendelea Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka wa 1971 Taasisi ya Elimu Kenya ilianza mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Mwaka wa 1980 chekechea ikawekwa chini ya Wizara ya Elimu, 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vikafuata vituo vya wilaya. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti jukumu hilo. Tusome ilipoenezwa kote nchini kuanzia 2015, walimu wa darasa la kwanza walianza kufunzwa kutaja sauti ya herufi na si jina lake tu. Mtaala wa Umilisi uliotekelezwa kitaifa kuanzia 2019 umeweka kusikiliza miongoni mwa stadi za lugha za PP1 na PP2.

Ukiitazama safari hiyo utaona kwamba swali lililotawala ni 'lugha ipi?' Swali la 'sauti zipi, na mtoto anazisikiaje?' lilichelewa sana kubisha hodi.

Ba be bi bo bu

Kuna atakayesema: lakini sisi tuliimba a e i o u, ba be bi bo bu, na tukasoma. Ni kweli, na wimbo huo wa darasani una hekima yake. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na silabi ndiyo kipande ambacho sikio la mtoto hukidaka kwa urahisi. Mwaka wa 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto kazi ya kugonga meza kwa kila kipande cha neno. Kati ya watoto wa miaka minne, karibu nusu waliweza kugonga kwa kila silabi. Hakuna hata mmoja aliyeweza kugonga kwa kila sauti moja moja. Kufikia mwisho wa darasa la kwanza, asilimia 90 waliweza silabi na asilimia 70 sauti. Basi waliotufundisha ba be bi bo bu walikuwa wameshika njia iliyo sawa. Kasoro ilikuwa kwamba tuliimba tukiangalia chati. Wengi walikariri mahali pa herufi ukutani, na ukiigeuza chati, usomaji ulikwisha.

Pia si kweli kwamba sauti hujileta zenyewe mtu akikua. José Morais na wenzake walionyesha mwaka wa 1979 kwamba watu wazima wa vijijini nchini Ureno ambao hawakuwahi kusoma walishindwa kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno, ilhali wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Huko Denmark, Ingvar Lundberg na wenzake walitoa mwaka wa 1988 matokeo ya kazi yao na watoto wa chekechea katika kisiwa cha Bornholm. Kwa takriban miezi minane watoto hao walicheza michezo ya kusikiliza kila siku: kwanza sauti za kawaida za mazingira, kisha vina, maneno, silabi, na mwisho sauti moja moja. Herufi hazikufundishwa. Walipoingia shule, waliwapita wenzao katika kusoma na kuandika maneno. Mpangilio huo haungemshangaza bibi wa Limuru na vitendawili vyake.

Sikio la Ruiru

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo jambo lenyewe linapouma. Mtoto wa Ruiru hakui katika lugha moja. Nyumbani kuna Gĩkũyũ, au Kikamba, au Kiluhya. Kwenye ploti kuna Kiswahili. Kwenye matatu kuna Sheng. Shuleni anakuta Kiingereza. Mwaka wa 1984 Janet Werker na Richard Tees walithibitisha kwamba mtoto mchanga wa miezi sita hadi minane hutofautisha hata sauti za lugha asizozijua, lakini kabla hajatimiza mwaka uwezo huo hufifia, sikio likibaki na tofauti zinazohitajika katika lugha za nyumbani. Ndiyo maana Mjapani hutatizika na r na l za Kiingereza. Si ulimi wake mzito. Sikio lake limejipanga.

Gĩkũyũ hakina l. Hakina d wala g ya kufunga isipokuwa zikitanguliwa na n, na th yake ni ile dh ya Kiswahili. Maneno ya mkopo ni kumbukumbu ya jinsi wazee walivyosikia: dirisha likawa ndirica, gari likawa ngari, sabuni ikawa thabuni, simu ikawa thimu. Hawakuharibu neno. Waliliandika kwa wino wa masikio yao.

Sasa weka maneno haya bega kwa bega. Kiswahili: lima, lala, soma. Gĩkũyũ: rĩma, rara, thoma. Mtoto anayemwambia mwalimu 'nataka kurara' hajabuni kosa. Amechukua neno la nyumbani, lenye maana ya kulala usiku kucha, akalitia katika sentensi ya Kiswahili. Sauti anazodaiwa 'kuchanganya' ndizo hasa zinazozitenganisha lugha hizi mbili za Kibantu. Mwalimu anayelijua hilo ana pa kuanzia. Asiyelijua hubaki na kicheko.

Na kicheko hicho hatukikosi. Tumekipa hata jina, kushrabu, na wachekeshaji wetu wanakula kwacho. Kwa mtu mzima ni mzaha. Kwa mtoto wa miaka minne, aliyecheka darasa zima aliposema 'ndanda' badala ya 'dada', ni funzo la kwanza kwamba kufungua mdomo ni hatari. Nimeketi nyuma ya madarasa ya kutosha mjini humu kuwajua watoto hao: ndio wanaosogeza midomo wakati wa wimbo bila kutoa sauti. Anayeogopa kusema hawezi kujaribu sauti, na asiyezijaribu atachelewa kuzitenganisha. Mwisho wa mwaka tunasema ni mzito.

Kuna shinikizo jingine. Chekechea haikuingizwa katika elimu ya bure ya 2003, na shule za kibinafsi zimejaa kila mtaa, kutoka Kimbo hadi Mwihoko. Mzazi anayelipa anataka kuona kitu kwenye daftari. Isitoshe, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule za msingi za umma kumpa mtoto mtihani unaoamua kama atapokewa, wazazi wangali wanaamini kuna intavyu mbele. Basi mtoto anamezeshwa ei, bii, sii kabla hajajua sauti yoyote. Fikiria mzigo huo. Herufi E kwa Kiingereza huitwa kwa sauti ya i yetu. Herufi A huitwa kwa sauti inayoanza kama e yetu. Herufi I huitwa 'ai'. Mtoto aliyekariri majina hayo, akiambiwa aandike 'ita', ana sababu nzuri kabisa ya kuanza na E.

Niliwahi kuyasikia mazungumzo haya kati ya mama na mwalimu wa PP1 mlangoni mwa darasa, saa ya watoto kwenda nyumbani:

"Mwalimu, samahani. Huyu wangu tangu Monday analeta kitabu haina kitu. Kwani hapa ni kupiga makofi tu?"

"Anasoma, mama. Ngoja nikuonyeshe." Akamwita mtoto. "Kuja hapa. Hebu nipigie makofi ya sufuria."

Mtoto akapiga manne: su-fu-ri-a.

"Na gari?"

Mawili.

"Haya, bata na baba, zinaanza aje?"

Mtoto akafunga midomo kwa nguvu, akaiachilia: "B!"

"Sasa hiyo ndio kusoma?" mama akauliza.

"Hiyo ndio kuanza, mama. Nikimletea herufi wiki ijayo, atakuwa na mahali pa kuiweka."

Sidhani mama aliridhika siku hiyo, na simlaumu. Daftari tupu linatisha ukiwa umelipa karo. Lakini mwalimu yule alikuwa ameshika kitu ambacho ripoti za tume zilikipita.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya bei. Robo saa kila asubuhi inatosha. Siku za kwanza watoto wafumbe macho, mwalimu atikise funguo, agonge sufuria, akwaruze kiberiti, nao wataje kilicholia na kilikotokea. Ruiru haikosi sauti: honi ya matatu, pikipiki, jogoo wa jirani, mvua juu ya mabati. Wakizoea, waingie kwenye silabi kwa makofi, kwa majina yao wenyewe kwanza. Kisha sauti ya mwanzo wa neno. Hatimaye vitate, ambavyo tumezoea kuvisubiri hadi darasa la nne au la tano kama zoezi la kuandika: bata na pata, choka na shoka, kula na kura. Mwalimu aseme jozi, mtoto ainue mkono akisikia tofauti. Asilazimishwe kutamka bado. Sikio likishaiona njia, ulimi utafuata kwa wakati wake.

Hasa kwa l na r, mwalimu wa hapa ana zana ambayo mwenzake wa London hakuwa nayo: lugha mbili zilizo hai katika chumba kimoja. Aweza kusema, nyumbani tunasema rara, kwa Kiswahili tunasema lala, sikilizeni vinavyotofautiana. Mtoto atajua kwamba ana maneno mawili, wala hana kosa moja. Na mtoto wa Mkamba au Mluhya aulizwe pia nyumbani kwao husemwaje, ili darasa zima lisikilize.

Kaunti ndiyo inayowaajiri walimu wa chekechea za umma, na ndiyo inayopanga mafunzo yao kazini. Ikiwa mafunzo hayo yatatenga siku moja tu kwa sauti za lugha zinazozungumzwa mtaani mwa mwalimu, yale yaliyochapishwa London mwaka wa 1940 kuhusu lugha ya Gatundu yatakuwa yamefika Ruiru.